Uwanja Usio na Kichaka

Kule Mwalusenga kuku wa Koleta walilala ndani na kushinda nje. Katika miaka yote aliyokaa pale kama mke wa Lugembe, mwewe alimchukulia vifaranga wachache tu, wale wajinga waliojitenga na mama yao. Boma lao lilizungukwa na ukuta wa minyaa uliopandwa na babu yake Lugembe, ambaye ujanani alikuwa mpagazi wa misafara ya pembe, na njia yenyewe ya misafara ilipita karibu na shamba lao. Nyuma ya nyumba kulikuwa na vichaka vya mitundwa vilivyosongamana na mabiwi ya mabua ya mtama. Koo, kuku mama, akitoa ule mlio wake mrefu wa kuonya, vifaranga walitoweka chini ya minyaa kufumba na kufumbua. Mwewe alizunguka, akachoka, akaenda zake.

Ng'ombe wa Lugembe walikuwa wamekwisha zamani kwa ugonjwa wa mbung'o. Mtoto wao wa pekee, Leonia, alikuwa ameolewa mbali, Igunga. Kwa hiyo pale bomani walibaki wao wawili na kuku. Kuku walikuwa wa Koleta, hakuna aliyelipinga hilo. Kwa kuku alipata chumvi, mafuta ya taa na kanga. Kwa kuku alimkaribisha mgeni. Na mtu akiugua jirani, Koleta ndiye aliyetumiwa mtoto kuomba yai.

Kiangazi cha mwaka wa sabini na nne likaja lori. Walikuwa wameshaambiwa kwamba kila mtu atahamia kijijini, lakini walidhani watasubiriwa mpaka wavune mihogo. Mgambo walishuka, wakawasalimu vizuri, wakaanza kutoa vitu nje. Walipofika kwenye mlango wakaung'oa. Walipomaliza na mlango wakapanda juu ya paa.

"Jamani, paa mnaliharibia nini?" Lugembe aliuliza.

"Ili msirudi, mzee," kijana mmoja alimjibu, bila ubaya, kama anayemweleza mtu njia.

Koleta hakusikia maneno hayo. Alikuwa anakimbiza kuku. Kuku hawakamatiki mchana, na dereva alikuwa anapiga honi. Aliowapata aliwajaza kwenye matenga mawili, mitetea na makoo pamoja na jogoo mwekundu. Waliobaki walikuwa wamejificha chini ya minyaa, na alipoondoka aliwasikia wakiitana.

Kijiji kipya kilikuwa kandokando ya reli, kati ya Tura na Tabora. Kiliitwa Umoja. Trekta lilikuwa limepita na kung'oa kila kitu chenye mizizi, kisha watu wakapimiwa viwanja kwa kamba, mstari baada ya mstari. Koleta aliposhushwa alitazama huku na huku akitafuta mahali pa kuweka matenga penye kivuli. Hapakuwepo. Aliyaweka chini ya lori lenyewe, na lori lilipoondoka, matenga yakabaki juani.

Siku alipowafungulia, kuku walisimama. Hawakuparura, hawakutawanyika. Walisimama wakiwa wamejikusanya, shingo zimeinuka, wanatazama juu. Lugembe alicheka kidogo.

"Wanashangaa mji," alisema.

Kabla ya adhuhuri mwewe alikuwa ameshamchukua mmoja. Hakushuka kwa haraka. Alikuja taratibu kutoka upande wa reli, akaelea juu ya paa lao la turubai, na kuku wakakimbia kwenda mbele, wakarudi nyuma, wakakimbia tena, hawana pa kuingia. Mtetea mmoja alijibanza kwenye mguu wa Koleta. Mwewe akamnyakua hapohapo, na ubawa wake ukamgusa Koleta kwenye goti.

Tangu hapo maisha yake yote yakawa ni kutazama juu. Alifunga kamba za katani kutoka kwenye nguzo hadi kwenye nguzo, akaning'iniza vitambaa na vifuniko vya makopo ili vimetemete. Mwewe waliogopa kwa muda, kisha wakazoea. Alisuka tenga kubwa la kuwafunika vifaranga mchana, lakini kuku aliyezoea kujitafutia hula nini chini ya tenga? Huo ulikuwa mwaka wa njaa. Watu wenyewe walikuwa wanapanga foleni kupokea ule unga wa manjano wa msaada, ambao watu waliuita unga wa Yanga, na hakuna aliyekuwa na punje ya kumtupia ndege. Ikambidi awafungulie watafute mchwa. Na kila alipowafungulia, angani palikuwa na mtu anayesubiri.

Jirani yake wa mkono wa kulia alikuwa Zamda, mwanamke wa Kiislamu aliyezaliwa Tabora mjini, Chemchem, akamfuata mumewe Abbasi aliyekuwa fundi seremala. Zamda alikuwa na mtoto mchanga mgongoni na maneno mengi mdomoni. Alipoona mahangaiko ya Koleta alimletea rangi yake ya kusukia mikeka.

"Wapake hii, Mama Leonia. Kwetu mjini watu wanawapaka. Mwewe akiona kifaranga wa zambarau anadhani ni kitu kingine, anamwogopa."

Wakakaa chini wawili, wakawapaka vifaranga mmojammoja, na Zamda alicheka mpaka mtoto akaamka. Ile ilikuwa mara ya kwanza Koleta kucheka katika kijiji kile. Kwa siku kadhaa vifaranga wa zambarau walitembea uwanjani, na wanakijiji walipita kuwatazama. Kisha akaja kipanga, yule mdogo mwenye mbio, anayeruka chini kwa chini kati ya nyumba kama jiwe lililotupwa. Yeye hakujali rangi. Tena ilimsaidia, maana vifaranga walionekana kutoka mbali.

Koleta akaona kwamba dawa ni moja tu, kivuli. Alikata matawi ya miiba nje ya kijiji, akayajenga kama kibanda kirefu kando ya nyumba, kuku waweze kupita chini yake. Kuku walikielewa siku hiyohiyo. Waliingia, wakaanza kuoga vumbi kwa raha. Lakini haikupita juma, mwenyekiti wa kijiji akafika. Jina lake Masolwa, mtu wa makamo, mpole, ambaye naye nyumba yake ya zamani ilikuwa imevunjwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mwenyekiti."

Masolwa alilitazama lile rundo la miiba. "Mama, hii itabidi uitoe. Bwana afya anakuja. Tumeambiwa kijiji kiwe cheupe. Vichaka ni mbung'o, ni nyoka, ni panya."

"Hiki si kichaka, baba. Ni matawi makavu. Mbung'o gani anakaa kwenye matawi makavu?"

"Najua."

"Kama unajua, niachie."

"Nikikuachia wewe, kesho kila mtu atarundika lake." Alikuwa anazungumza akitazama chini. "Panda miti, mama. Miti imeruhusiwa. Panda uzio wa kijani, mzuri, uliopangwa kwa mstari. Huo hakuna atakayeugusa."

Koleta aliichoma miiba yake mwenyewe jioni ileile. Kisha akaenda kwa mumewe, aliyekuwa ameketi mlangoni akichonga mpini wa jembe.

"Baba Leonia, Mwenyekiti anasema tupande uzio."

"Uzio wa nini, katika ukame huu?"

"Minyaa haiogopi ukame. Na inakua haraka."

Lugembe aliacha kuchonga. Minyaa ilikuwa mahameni, kwenye boma lao lililobomolewa, na kurudi mahameni kulikatazwa. Mwenzao mmoja aliyekwenda kuchimba mihogo yake mwenyewe alikuwa amerudishwa na mgambo amefungwa mikono.

"Ni mbali," alisema.

"Ni babu yako aliyeipanda. Nani atakuzuia kukata matawi ya babu yako?"

"Watanizuia, Mama Leonia. Unajua watanizuia."

"Basi tukae tuwatazame wakiliwa mpaka waishe," Koleta alisema. "Wewe unatazama mpini wako, mimi natazama juu. Shingo yangu inauma. Nikifumba macho naona mabawa."

Lugembe alirudia kuchonga mpini. Alikuwa mtu wa maneno machache, na mkewe alipokuwa na uchungu yeye alizidi kunyamaza. Lakini alfajiri Koleta alipoamka, panga halikuwepo, na mumewe hakuwepo.

Lugembe alifika Mwalusenga salama, hakukutana na mtu. Haya aliyasimulia baadaye. Nyumba ilikuwa imebaki kuta nne zisizo na paa, na kuku walioachwa hakuona hata manyoya yao. Minyaa ilikuwa imesimama vilevile. Alikata matawi manene, mengi kuliko alivyokusudia, kwa sababu kila alipofikiri yametosha alimkumbuka mkewe. Alijua minyaa ina utomvu, kila mtu aliyekulia kule anajua. Tangu utotoni huambiwa usiuguse kisha ukajifikicha jicho. Kwa hiyo aliyalaza matawi mpaka yakaacha kuvuja, akayafunga kwa magome, akaweka kata ya majani kichwani, akajitwika, akaanza safari ya kurudi.

Alikuwa ameshapita zaidi ya nusu ya njia mvua ilipoanza.

Kule Umoja watu walitoka nje ya nyumba zao. Mvua iliyokuwa inasubiriwa mwaka mzima ilishuka kwa ghafla, nzito, na wanawake walipiga vigelegele, watoto walivua nguo wakakimbia kwenye matope, na Zamda aliweka kila chombo alichonacho chini ya paa. Koleta naye alisimama akalowa. Alifikiri, Mungu amesikia, minyaa itashika mizizi mara moja.

Njiani, maji yalikuwa yanapita juu ya mzigo wa Lugembe, kwenye vidonda vyote vya matawi yale yaliyokatwa, na yaliposhuka usoni mwake yalikuwa meupe kama maziwa. Mwanzoni alifumba macho na kuendelea kutembea. Kisha akajifuta kwa mkono, na mkono nao ulikuwa umelowa maji hayohayo. Angeutupa mzigo palepale na kuinua uso mvua imwoshe, labda ingekuwa vingine. Hakuutupa. Alitembea amefumba macho, anafumbua mara moja moja kuona njia, na kila akifumbua ilikuwa kama anatiwa makaa.

Abbasi ndiye aliyemwona akitokea kwenye reli, anayumba, mzigo bado uko kichwani. Alimkimbilia, akamtua, akamshika mkono mpaka nyumbani. Koleta alipoona macho ya mumewe, mekundu, yamevimba na kujifunga, hakulia. Alisema tu, "Utomvu," akaketi matopeni.

Zamda hakungoja kuambiwa. Aliingia kwake, akakamua maziwa yake kwenye kikombe, akaja nayo. Waliyatia machoni mwa Lugembe kwa kitambaa, jioni ile yote, na mtoto wa Zamda akilia njaa nyumba ya pili. Lugembe alishikilia mkono wa mkewe kwa nguvu. Mara moja tu alisema, "Matawi myapande kesho, ardhi ikiwa imelowa."

Treni ilikuja siku ya tatu. Hospitalini Tabora daktari alimwangalia kwa taa, akamwangalia tena, kisha akamwita Koleta pembeni na kumwambia kioo cha jicho kimeungua, yote mawili. Mwanga wa jua ataujua, alisema. Mtu akipita mbele yake ataona giza likipita. Zaidi ya hapo asitegemee.

"Hata la kushoto?" Koleta aliuliza. "La kushoto halikuvimba sana."

"Hata la kushoto, mama. Pole."

Waliporudi, Abbasi na Zamda walikuwa wameshapanda minyaa yote kuzunguka kiwanja, kwa mstari ulionyooka kabisa. Masolwa alikuja kutoa pole. Alikaa muda mrefu karibu na Lugembe, na alipoondoka alimwambia Koleta kwamba mzee hatahesabiwa kwenye kazi za shamba la kijiji. Koleta mwenyewe aliendelea kuhesabiwa. Kila asubuhi alikwenda na jembe lake kwenye shamba la pamoja, na nyuma yake alimwacha mtu asiyeona akiwalinda kuku dhidi ya ndege.

Kwa maana Lugembe alikuwa ameomba kazi hiyo mwenyewe. Alikaa katikati ya uwanja juu ya kigoda, fimbo mkono mmoja, debe tupu kati ya magoti. Alisikiliza. Aliijua sauti ya koo anayeita vifaranga kwenye chakula na sauti ya koo aliyeona kitu juu, na mara tu aliposikia hiyo ya pili alilipiga debe kwa nguvu zake zote na kupaza sauti, na mwewe walipaa wakienda zao. Watoto wa jirani walimcheka, kisha wakamzoea. Mvua iliendelea, nyasi zikaota, mchwa wakaruka. Makoo wawili waliangua. Ilipita miezi, na Koleta akirudi kutoka shambani alikuta hesabu imetimia, na mumewe alimwambia, "Leo alikuja mara nyingi. Hakupata kitu." Alikuwa na majivuno kidogo akisema hivyo. Koleta alimkorogea uji, akamshikisha kikombe, na kuna jioni alifikiri labda hivi ndivyo watakavyozeeka, na si vibaya sana.

Minyaa ilishika, lakini ilikuwa haijafika hata kwenye goti.

Kiangazi kiliporudi, kipanga naye alirudi. Kuku humwona mwewe kwa sababu mwewe hupanda juu na kuzunguka. Kipanga hazunguki. Alikaa kwenye pembe ya paa la nyumba ya mbele, kimya, na alipoona wakati umefika alijirusha. Hakuna kuku aliyemwona, kwa hiyo hakuna aliyelia, kwa hiyo Lugembe hakujua lolote mpaka aliposikia kifaranga akipiga kelele tayari akiwa hewani. Alipiga debe. Alipiga sana, na debe liliwatia kuku wazimu, wakatawanyika uwanjani, na kipanga akarudi akachagua mwingine.

Siku zilizofuata ikawa hivyohivyo. Lugembe alianza kupiga debe bila kusikia chochote, ili tu kumtangulia. Alipiga asubuhi mpaka jioni. Majirani walivumilia, kisha mmoja akaja kumwomba apumzike kidogo kwa kuwa ana mgonjwa ndani. Kuku nao wakazoea debe, wakaacha kuliogopa, na kipanga akaacha vilevile. Siku moja Koleta alirudi akamkuta mumewe amelala kifudifudi kwenye uwanja, magoti yamechubuka. Alikuwa ameisikia sauti ya koo wake mkubwa, akaifuata mbio akitupa fimbo hewani, akajikwaa. Mikononi alikuwa ameshika manyoya.

"Nilimgusa," alisema. "Mama Leonia, nilimgusa kabisa. Nilimshika mguu. Lakini sikujua nimeshika mguu wa yupi, wake au wa koo, nikaachia."

Koleta alimwinua, akamwosha magoti, akamlaza. Kisha alikaa mlangoni mpaka jua likazama, na asubuhi hakwenda shambani. Alikwenda kwa Abbasi.

Walikuwa wamebaki mtetea mmoja na jogoo mwekundu.

"Njoo unichinjie, baba," alimwambia. Lugembe na mkewe walikuwa Wakristo, lakini Koleta alitaka nyama ambayo nyumba zote mbili zingeweza kula.

Abbasi alikuja na kisu chake. Alimshika yule mtetea, akampapasa tumbo, akasita. "Mama Leonia, huyu ana yai. Kesho au keshokutwa anataga."

"Chinja tu."

"Tungoje kidogo. Minyaa inakuja. Mwakani itakuwa imefika kifuani, utawafuga tena..."

"Abbasi," Koleta alisema, na hakuwa amewahi kumwita kwa jina, "kama hutaki, nipe kisu."

Akachinja. Koleta aliwanyonyoa wote wawili, akawapika kwa chumvi peke yake, akapeleka sufuria nusu kwa Zamda na nusu akamwekea mumewe. Lugembe alipapasa nyama kwa vidole, akatambua paja la jogoo kwa ukubwa wake.

"Umewachinja."

"Nimewachinja."

"Wote?"

"Wote. Kula, Baba Leonia. Angalau hawa tumewala sisi."

Alitia tonge mdomoni, akatafuna kwa muda mrefu, kisha akalitoa na kuliweka pembeni ya sahani, taratibu, kwa heshima. Akasema ameshiba. Koleta alikula. Alikula mpaka mifupa, machozi yakimtiririka, kwa sababu ilikuwa ni chakula na haikufaa kukitupa.

Baada ya hapo Lugembe hakukaa tena uwanjani. Alihamia ndani, akakaa ukutani upande wa giza, na alipoulizwa kama anataka kutolewa nje apate hewa alisema hapana, jua linamuumiza. Debe Koleta alilirudisha kwenye kazi ya kuchotea maji. Koleta mwenyewe alikonda. Shambani wanawake wenzake walisema anajibu salamu kama mtu aliyeamshwa.

Msimu wa mvua ulipokaribia, Zamda alikuja asubuhi akiwa amekunja kitu ndani ya kanga yake. Aliikunjua mlangoni polepole. Walikuwa vifaranga wawili, weusi wote, wameanguliwa siku hizohizo.

"Mmoja jike bila shaka," Zamda alinong'ona, akitabasamu. "Shemeji yangu amenitumia kutoka mjini. Hawa wako."

Koleta aliwatazama. Mmoja alipanda juu ya mwenzake akafungua mdomo, akalia. Koleta alinyoosha mkono, na Zamda alidhani anawapokea, kumbe alikuwa anashika ncha ya kanga. Akaikunja juu yao, upande huu, kisha upande ule, kama anavyofunikwa mtoto.

"Rudi nao, mwanangu," alisema. "Mungu akubariki. Kwetu sina pa kuwaficha."

Zamda alimtazama usoni. Aliondoka akiwa amewakumbatia kifuani.

Kutoka ndani, Lugembe aliita, "Nani huyo?"

"Zamda."

"Amefuata nini?"

"Hakufuata kitu. Alipita kusalimia."

"Nimesikia vifaranga," Lugembe alisema.

Koleta alimwambia amesikia vibaya, akachukua jembe lake nyuma ya mlango, akaenda shambani.